Nywele Nyeusi za Msimu wa Pamba

Jumatatu, 12 Mei

Tumeanza kuchuma. Upande wa barabarani pamba imefunguka vizuri, kule bondeni bado. Mwaka jana siku kama ya leo nilikuwa darasani. Mwaka huu nimestaafu, na nimegundua kwamba sijui kukaa bila kumsimamia mtu. Nilisimama shambani kutwa nikiwaambia wachumaji mambo wanayoyajua kuliko mimi.

Mbuzi wa mayu Kwandu waliingia tena. Kwandu, tunayemwita mayu, yaani mama, ni jirani yangu, mjane, rika la marehemu mama yangu. Anaishi peke yake ng'ambo ya ua wa minyaa. Nilimfokea mbele ya wachumaji wote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema taratibu: "Uso huo unaonikunjia, mwalimu, siku moja utautafutia pa kuuficha." Akawaswaga mbuzi wake akaenda zake.

Mdogo wangu Ngeleja alikuwepo, amekuja kuazima plau. Alisema maneno ya namna ile hayasemwi bure. Nilimwambia aache ujinga.

Ijumaa, 16 Mei

Nilipeleka pamba ya kwanza kwenye ghala la ushirika. Domitila alikuwa amesimama pale kivulini akiwauzia wapagazi chai na maandazi. Yeye huuza chakula hapa Kasoli siku za mnada, na msimu wa pamba huhamia ghalani. Ni mjane kama mimi nilivyo mgane. Tumekuwa tukizungumza tangu masika, na sasa tumefika mahali pa kuongea na wakubwa. Kaka zake wako Kalemela. Wamesema niende Jumamosi ya tarehe saba Juni.

Nilikuwa nikimwambia hayo ya Kalemela, kijana wa mizani akaita kwa sauti: "Babu, sogea kidogo tupitishe mzigo."

Domitila alitazama pembeni. Mimi nilisogea.

Mke wangu alipofariki nywele zangu zilikuwa nyeusi, kichwani na kidevuni. Zimekuwa nyeupe ndani ya miaka minne hii, na sikuwahi kuzijali mpaka leo.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda Bariadi mjini, nikasema nafuata viuatilifu. Nikanunua piko, rangi nyeusi ya nywele, ile ya unga inayokorogwa na maji. Muuzaji aliifunga kwenye gazeti bila kuombwa, nadhani wanaume wa rika langu wamemzoesha.

Nimepaka. Nilifunga mlango wa mbele na wa uani kama mtu anayeficha mali ya wizi. Masikio yanawasha kidogo kwa nyuma. Ila kwenye kioo nimemwona mtu niliyekuwa nimemsahau.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani hakuna aliyesema neno. Mimi ni mzee wa kanisa, nakaa mbele, na ibada nzima nilihisi macho kisogoni.

Jumatano, 21 Mei

Mnadani Domitila alinitazama, akatabasamu, akasema nimenawiri. Muwasho umeisha.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua isiyotarajiwa. Pamba iliyokuwa wazi imelowa, itakuwa fifi tu, daraja la pili.

Jumamosi, 31 Mei

Tumechagua pamba kutwa, nyeupe huku, fifi kule. Mayu Kwandu alipita njiani na kuni kichwani. Nilijifanya sikumwona.

Jumatano, 4 Juni

Mizizi ya nywele imeanza kurudi nyeupe. Kidevuni ndiko kubaya zaidi, ninafanana na mtu aliyekula unga. Leo nimepaka tena, na safari hii nimeweka mpaka kwenye nyusi. Kikaratasi kinasema upake kidogo kwanza kwenye ngozi, usubiri uone. Kinasema pia usiweke karibu na macho, na usikae nayo muda mrefu. Nimefundisha watoto wa watu kusoma maelekezo kabla ya kujibu swali, maisha yangu yote ya kazi. Nilikisoma, nikakiweka chini, nikakaa nayo hadi ikakauka kabisa ili ishike.

Alhamisi, 5 Juni

Kichwa kinawaka. Nimekiosha kwa maji baridi, bado kinawaka.

Jumapili, 8 Juni

Naandika kwa jicho moja, tena jembamba.

Ijumaa niliamka nikadhani bado ni usiku. Nilisikia jogoo, nikasikia ng'ombe wa Ngeleja wakitolewa zizini, lakini sikuona kitu. Nikagusa uso nikakuta kope zimevimba zikafunga. Masikio yalikuwa mazito. Kidevu kilikuwa kimejaa malengelenge, na kichwa kilitoa maji yanayonata na kulowesha mto. Niliita. Ngeleja alipoingia alisema, "Kaka, nani amekufanya hivi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Jibu lilikuwa fupi. Nikasema sijui.

Nilimwomba ampigie Domitila simu, amwambie nina homa kali na Kalemela siwezi kufika. Nikajifunika kanga ya marehemu mke wangu usoni. Nikiwa chini ya kanga ile nilikumbuka nilijipaka kwa ajili ya nani na kwa sababu gani, nikaona aibu mara mbili.

Pakiti nimeitumbukiza chini ya godoro.

Jumatatu, 9 Juni

Ngeleja alinipeleka kituo cha afya kwa pikipiki. Nilivaa kofia na miwani ya jua, lakini uvimbe hauvishwi kofia. Kwenye benchi walikuwapo waumini wawili wa kanisa letu. Mmoja alinishika mkono akaanza kuomba.

Daktari ni binti anayeitwa Violeth, mpole, hapotezi maneno. Aliniamkia, akanitazama nyusi na mstari wa nywele, akauliza kama kuna kitu chochote nimepaka kichwani au usoni: sabuni mpya, mafuta, dawa, rangi. Ngeleja alikuwa amesimama nyuma yangu. Mlango ulikuwa wazi na benchi lipo hapo hapo nje.

Nikasema hakuna.

Aliuliza tena, kwa namna nyingine. Nikasema tena hakuna, na safari hii nilitumia sauti ya ualimu. Alinipa vidonge vya kupunguza muwasho, akasema nikikumbuka kitu nirudi, hata peke yangu. Aliposema "peke yako" nilijua ameshanijua.

Njiani nilimsimamisha Ngeleja dukani nikanunua tyubu ya mafuta wanayosema yanatibu kila ugonjwa wa ngozi. Nimepaka jioni hii. Panachoma kuliko jana.

Jumanne, 10 Juni

Ngeleja hakuonekana tangu asubuhi. Alirudi jua likishuka, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Alinukia vumbi la safari. Alisema amekwenda kwa mtaalamu mmoja mbali na hapa, na hakuhitaji hata kueleza sana. Mtaalamu alimwambia ni mwanamke mzee, jirani, mwenye ugomvi wa mpaka, na kwamba alitanguliza maneno kabla ya tendo.

"Umesikia mwenyewe alivyosema," Ngeleja aliniambia. "Utautafutia pa kuuficha. Na sasa uko hapa, umeufunika kwa kanga."

Ngeleja si mtu mbaya. Niandike hilo kwanza. Walipozikwa baba na mama yetu, mimi nilikuwa chuo, yeye ndiye aliyebaki na ng'ombe, na ng'ombe hao ndio walionisomesha. Ananipenda kwa namna ya mtu asiyejua kusema hivyo. Jana aliniosha kichwa kwa maji ya uvuguvugu bila kukunja uso, na harufu yake mimi mwenyewe siiwezi.

Nilimwambia mayu Kwandu hana uwezo wa kufanya jambo kama hili. Akauliza, basi ni nini? Nikasema ni ugonjwa tu. Ugonjwa gani? Daktari amesema nini? Pakiti ilikuwa chini yangu, ningeweza kuitoa kwa mkono mmoja. Nilifikiria kichwani namna angeitazama. Nilifikiria habari itakavyofika ghalani na kanisani, na kwa kijana yule wa mizani: babu alijipaka masizi akamfuata mwanamke. Nikageukia ukutani.

Alidhani ninalia kwa maumivu. Akanifunika vizuri, akatoka.

Jumatano, 11 Juni

Watu wamekuja kunitazama kutwa. Wanaingia wakisema pole, wanatoka wakinong'ona. Nasikia jina lile uani.

Alhamisi, 12 Juni

Alikuja mwenyewe.

Nilimtambua kwa sauti ya fimbo yake. Alimwambia Ngeleja ameleta uji wa ulezi, kwa kuwa amesikia mwalimu hawezi kutafuna. Ngeleja akamwambia auchukue uji wake aondoke. Akauliza kosa lake. Mtu mwingine, sikumjua kwa sauti, akamwambia analijua. Kisha mayu Kwandu akapaza sauti kidogo, akinisemesha mimi kupitia dirishani:

"Mwalimu, unawasikia?"

Nilikuwa nimelala mita chache kutoka kwake, macho wazi, jicho langu la kulia linaona kabisa sasa. Nilimsikia. Nilishika pumzi ili asisikie kwamba nimeamka.

Fimbo ikaondoka. Baadaye nilikuta uji umemwagwa pale mlangoni, na kuku wanaudonoa.

Ijumaa, 13 Juni

Wamechoma jiko lake.

Ilikuwa jioni, kabla jua halijazama. Nilianza kunusa moshi nikadhani ni mabua. Kisha nikasikia mbuzi. Nilitoka na kofia yangu nikafika kwenye ua wa minyaa, nikaona paa la nyasi la jiko linawaka lote, na nyumba yake ya bati pembeni haijashika kwa kuwa upepo ulielekea upande wa pili. Hapakuwa na mtu anayezima. Walikuwepo watu, walisimama mbali wamekunja mikono. Yeye alikuwa amekaa chini katikati ya uwanja, na mkononi ameshika sufuria. Hakulia. Alikuwa akitazama watu mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta aliyemzoea.

Aliponifikia mimi macho yakasimama.

Niseme kwamba nilipiga kelele, nikawaambia wazime, nikamwinua. Ningependa kuandika hivyo. Nilichofanya ni kuchota maji kwenye pipa langu na kuyamwaga peke yangu, ndoo baada ya ndoo, bila kusema neno lolote, mpaka wanawake wawili miongoni mwa wachumaji walipoona aibu wakaja kunisaidia. Nilizima moto kama bubu. Watu waliniona mgonjwa nazima moto wa mtu aliyeniroga, na nikasikia mmoja akisema, "Mwalimu ana roho ya Kikristo kweli."

Neno hilo ndilo limenikalisha hapa mezani. Nimeshindwa kula. Wangenitukana ningelala.

Jumamosi, 14 Juni

Alfajiri binti yake Flora alikuja kumchukua. Anaishi Sola, Maswa. Waliondoka na godoro na mbuzi. Niliwaona nikiwa njiani, maana na mimi nilikuwa nakwenda kituo cha afya, kwa miguu, peke yangu. Flora alinipita bila kunitazama. Mama yake hakugeuka.

Violeth alifunga mlango kabla sijamwomba. Niliweka pakiti mezani, nikamwambia yote: mara ya kwanza, mara ya pili, nyusi, ile tyubu. Hakucheka. Alisoma pakiti, akaeleza kwamba ni aleji ya ile rangi. Mara ya kwanza mwili uliionja tu, mara ya pili umeikataa. Akasema nisiipake tena maisha yangu yote, hata kidogo, kwa kuwa safari nyingine inaweza kufunga koo. Na ile tyubu imechoma ngozi iliyokuwa tayari wazi, niitupe.

Alinipa vidonge vingine, na dawa ya kuoshea kichwa. Akasema siku chache tu uvimbe utashuka.

"Siku chache tu?" nikauliza.

"Ungeniambia Jumatatu, mwalimu, leo ungekuwa shambani."

Nikamwambia kuna bibi amechomewa jiko kwa sababu hii. Aliacha kuandika. Alinitazama, na sikuona hasira usoni pake. Aliniuliza tu kama bibi yuko hai.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mboje, mwenyekiti wetu wa kitongoji, nikamwomba aitishe mkutano.

Jumatatu, 16 Juni

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, saa nne. Wengi walikuja wakidhani nitamshtaki Kwandu. Mboje alinikaribisha kwa heshima kubwa, akanipa kiti, nikakikataa.

Nilivua kofia. Nywele zimeanza kutoka kwa mafungu pamoja na magamba, na zilizobaki ni nyeusi juu, nyeupe chini. Watu waliguna. Nilitoa pakiti nikaishika juu.

Nikasema: "Hii ni piko. Nilijipaka mwenyewe, nyumbani kwangu, milango imefungwa, kwa sababu niliona haya kuitwa babu. Imeniunguza. Nilijua tangu asubuhi ya kwanza. Mayu Kwandu hana habari na uso wangu. Nilinyamaza, mkamchomea jiko."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Nilitamani wacheke wote. Badala yake Ngeleja akasimama. Hakuwatazama watu, alinitazama mimi.

"Kaka," alisema, "mimi nilikuwa nakutetea. Ungeniambia ni rangi ya nywele, ningekucheka tu. Ningekucheka, tukala, yakaisha."

Kisha akasema mbele ya wote kwamba kiberiti kilikuwa chake. Vijana wawili waliokuwa naye walitazama chini. Mtendaji wa kijiji alimpeleka Bariadi polisi mchana huo. Nilitaka kupanda naye gari. Akasema nibaki, nikamalizie pamba.

Ijumaa, 20 Juni

Uvimbe umeshuka. Uso wangu ni wangu tena, ila umebabuka na una mabaka. Ngeleja ametoka kwa dhamana. Ng'ombe wake nimewachunga mimi siku hizi. Hatuzungumzi sana.

Domitila alikuja mchana. Nilimwekea kiti barazani. Alikataa soda, akakaa na mkoba wake mapajani.

Alisema kuhusu piko alijua tangu siku ile mnadani, maana marehemu mumewe naye alipaka, na hakuona ubaya. Nilipomtumia salamu kwamba nina homa, aliamini. Nikamwambia sasa najua nimekosa, na kwamba kaka zake nitawaeleza ukweli wote nikienda. Aliniacha nimalize.

"Sijaja kwa ajili ya nywele," alisema. "Bibi alikuletea uji, ukamwacha afukuzwe mlangoni kwako na wewe unasikia. Na mimi nitazeeka, mwalimu. Nitazeeka nikiwa nyumbani kwako."

Alisubiri, kwa haki kabisa, alinipa nafasi. Kisha akasimama, akaniaga vizuri, akaenda.

Jumapili, 29 Juni

Nimejiuzulu uzee wa kanisa. Mchungaji alisema si lazima. Nimekaa benchi la nyuma.

Ijumaa, 4 Julai

Tunachuma pamba ya mayu Kwandu, mimi na Ngeleja, tumeanza kwake kabla ya kumalizia yetu. Wachumaji wanatupita barabarani wanaangalia. Ngeleja anachuma haraka, ameinama, hanyooshi mgongo.

Jumamosi, 12 Julai

Kichwa kimepona. Nywele zinaota nyeupe tupu, laini kama za mtoto.

Jumatatu, 21 Julai

Tumejenga jiko jipya pale palipoungua, safari hii la bati. Mboje alimtumia Flora ujumbe kwamba mama anaweza kurudi, hakuna wa kumgusa. Flora hakujibu.

Jumamosi, 16 Agosti

Walikuja leo asubuhi, mayu Kwandu na Flora, na guta la kukodi. Nilidhani wamerudi. Nilivuka ua nikiwa na furaha niliyoionea haya hapo hapo, kwa kuwa walikuwa wamekuja kuchukua vitu vilivyobaki.

Flora alianza kubeba majembe. Mama yake alikaa kwenye kizingiti cha jiko jipya, akaligonga bati kwa fimbo, akasikiliza mlio wake. Nilipiga goti mbele yake, nikaomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Juni, yakatoka machache tu. Nilimwambia nilimsikia siku ile aliponiita dirishani.

"Nilijua unasikia," alisema.

Alinyoosha mkono akanishika kichwani, akapapasa nywele mpya, mbele na kisogoni, kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa.

"Nzuri tu," alisema. "Mwanamume akiwa nazo anaitwa mzee, anapewa kiti. Mimi nikiwa nazo naitwa vile walivyoniita. Halafu wewe ndiye uliyezikimbia."

Nikamwuliza kama atarudi hata msimu ujao kulima. Alisema Flora ana shamba, na Sola watoto wanamwamkia.

Lilibaki jiwe la kusagia. Mimi peke yangu sikuliweza, na Flora alikuwa juu ya guta akipanga mizigo. Ngeleja alikuwa amesimama muda wote nje ya ua, amejishika kwenye minyaa, haingii wala haondoki. Nilimwita. Alikuja macho yakiwa chini, tukalinyanyua jiwe pamoja, yeye upande huu na mimi ule, tukampitia mama yule pale pale alipokaa. Ngeleja alifungua mdomo amwamkie, sauti haikutoka. Alisimama na ule uzito mikononi.

Mayu Kwandu, mkubwa wetu sote pale, ndiye aliyemwamkia kwanza, kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Ngeleja," alisema. "Angalieni vidole vyenu, hilo jiwe ni zito."